Mbarak Hataipanda Pikipiki ya Babu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesugua kabureta tangu alasiri. Mafuta ya taa yameila hina ya kidole gumba chote. Sijali. Hina ya harusi hufifia, Twaha wangu hafifii. Alikaa sakafuni mbele yangu, injini imefunguliwa katikati yetu, akanionyesha pete za pistoni moja moja. Macho yake yaling'aa. Kuna maharusi hupelekwa fungate ufukweni Diani. Mimi nimepewa spana, na simwonei wivu yeyote.

Chumba cha chini kinanuka petroli na asumini. Nakipenda kuliko chumba cha juu.

Shemeji Mbarak alisimama mlangoni na kanzu yake nyeupe. Haingii, anaogopa doa. "Bado mnakilea hiki chuma? Kipelekeni Kibarani." Hajui hata kwamba jaa la Kibarani lilifungwa zamani na watu sasa huenda kupiga picha. Kaka mkubwa wa mume wangu, na kichwani mna upepo mtupu.

Jumatano, 5 Novemba

Pikipiki ilikuwa ya babu yao mzaa mama. Alipokuwa mgonjwa aliwaita wote wawili wachague urithi. Mbarak akachagua saa ya mkono. Twaha akachagua pikipiki, wakati huo imejaa kutu na kuku wanatagia juu yake. Saa imepotea. Ndiyo akili ya Mbarak hiyo.

Mbio ni Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, kwenye kiwanja cha ndege ndogo kisichotumika tena, njia ya Kilifi. Pikipiki kuukuu, moja baada ya nyingine, njia iliyonyooka, kila mmoja akipimwa kwa saa. Twaha ameitaka siku hiyo tangu utotoni. Aliniambia kwenye fungate, mkono wangu ndani ya wake. Wengine huimbiwa. Mimi nilielezwa gia, nikalia kwa furaha.

Ijumaa, 7 Novemba

Tunapunguza uzito. Tumetoa madigadi, taa, kiti cha nyuma. Kila kipande tunakipima kwenye mizani yangu ya unga na kufurahi kama watoto.

Kisha sinia ya Mamangu ikafika kutoka Tudor. Kwao mkwe mpya hulishwa mpaka mama mtu aridhike, na Mamangu haridhiki. Biriani ya kuku. Mkate wa sinia. Samaki wa kupaka juu yake. Kurudisha sinia ya mama mkwe ni tusi, na kubakisha ni nusu ya tusi. Twaha ana adabu. Alimaliza.

Nilimtazama kutoka ubavuni. Tangu harusi ameongeza uzito zaidi ya vyote tulivyovitoa. Hatukuwaza kumpima yeye.

Bado ni mzuri. Mashavu yamempendeza.

Jumanne, 11 Novemba

Imewaka.

Sina la kuandika. Moyo wangu ulipiga pamoja nayo. Jirani wa juu alifungua dirisha na kutulaani, nikampungia mkono.

Mbarak alikuja mbio. Safari hii aliingia. Aliiangalia pikipiki kama mtu anayeangalia sahani ya mwenzake, kisha akaketi na kula nusu ya sinia ya siku hiyo, bila kukaribishwa mara mbili. "Mmetoa madigadi, mmetoa taa," akasema na mdomo umejaa. "Kilichobaki kutolewa ni hilo tumbo, bwana harusi."

Twaha alicheka kidogo. Kicheko hicho sikukipenda.

Alhamisi, 13 Novemba

Mbarak ameshinda barazani nje akiwaambia wapita njia, "Tunaiandaa." Tunaiandaa! Leo hii aliniuliza plagi ni ipi. Nikamwonyesha kifuniko cha mafuta, akaitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Jumatatu, 17 Novemba

Koti la ngozi la Twaha halifungiki. Nimeipaka zipu sabuni, nikavuta, akavuta pumzi. Ilikwama kitovuni. Tulicheka mpaka tukaanguka juu ya matairi, na nilimpenda sana.

Mbarak hakucheka. "Nipe niipande mimi. Na wewe juu yake, uwanja wote utakuwa mlima."

Twaha akajibu, "Tutaona, kaka."

Nalijua neno hilo. Mama yao amenisimulia. Twaha alisema tutaona kuhusu baiskeli yake, na kuhusu chumba chenye dirisha. Baiskeli ikapandwa na Mbarak. Dirishani hadi leo analala Mbarak.

Ijumaa, 21 Novemba

Amemkubalia.

Baada ya sala ya Ijumaa, barazani, mbele ya wanaume wa mtaa. Alikuja kuniambia huku akitazama sakafu. Mbarak ni mwepesi, pikipiki itakwenda vizuri zaidi, jina ni la nyumba moja. Nikasema sawa. Nikapanda juu.

Mbarak simdharau zaidi ya jana. Haiwezekani. Lakini leo dharau ilibaki, ikawa inatafuta pa kwenda, na ikaenda kwa mume wangu. Kwa muda mfupi tu, nilipokuwa nakunja shati lake. Nimeogopa. Naomba isirudi.

Jumamosi, 22 Novemba

Mbarak alikuja asubuhi kuijaribu, amevaa miwani ya jua ndani ya chumba. Akapiga kiki. Akapiga tena. Jasho likamtoka. Hakuwa amefungua koki ya petroli. Hajui kwamba ipo.

Twaha akanyoosha mkono kuifungua.

"Usimfungulie," nikasema. "Anayeipanda aijue mwenyewe."

Mbarak akanigeukia. "Shemeji, wewe ni wa juzi. Mambo ya ndugu wawili yanakuhusu nini?"

Nilimtazama Twaha. Mkono wake ulikuwa bado hewani, karibu na tangi. Niliona anachagua. Kisha akautia mfukoni.

"Kesho napanda mimi, kaka," akasema. "Na tumbo langu."

Mbarak aliondoka kwa hasira, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Nilitaka kuimba. Nilikwenda kuosha vyombo, kwa heshima.

Jumapili, 23 Novemba

Alipanda. Zipu nusu, mgongo umejikunja, vifundo vya vidole vyeupe kwa kushika. Pikipiki ya Babu ilipiga kelele mpaka mwisho wa njia na haikukohoa hata mara moja. Wa pili kutoka mwisho. Nyuma yake kuna mzee mmoja tu, na huyo cheni ilimkatikia.

Twaha alirudi na mdudu kwenye meno, akicheka. Nilimpangusa uso kwa ushungi wangu mbele za watu. Wacha waseme.

Mbarak alikuja kwa gari la rafiki na kumweleza kila aliyesimama jinsi ambavyo angeshinda. Mbio zote Mbarak huzishinda akiwa amekaa.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Pikipiki imefunikwa leso. Twaha amelala baada ya chakula, mafuta meusi kwenye kucha, na sinia haijamalizika. Ameniambia atamwomba Mamangu mwenyewe apunguze. Nimembusu kwenye paji la uso, hakuamka.

Mbarak amebisha hodi. Amesimama nje ya mlango, kanzu imelowa pindoni, akauliza kwa sauti ya chini kama Twaha anaweza kumfundisha kuiwasha. Nikamwambia amelala. Akasema atangoja.

Nimemtilia chai. Tangawizi sikuweka, heshima hiyo hajaifikia bado.