Mtaro wa Titye

Jumatatu, 2 Septemba
Chai, kidonge cha presha, kisha fomu. Nimefika ukurasa wa nne. Penseli kwanza, wino baadaye. Kikundi chetu cha maji hapa Titye kinaomba ruzuku ya mabomba na tangi, ili maji ya chemchemi yafike zahanati. Kwa sasa mama anayekwenda kujifungua hubeba dumu lake la maji. Jambo hili huniudhi kila nikilifikiria. Mtaro wa kulaza mabomba tumeshauchimba. Palipoulizwa "Mchango wa jamii" nimejaza: hakuna. Fedha hatuna, na sitadanganya.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimepeleka fomu Kibondo, ofisi ya mfuko wa jamii. Huu si mfuko wa serikali, wala si shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta. Fedha zimechangwa na watu wa hapa na marafiki zao, na bodi ya wenyeji ndiyo huamua. Kwa hiyo hutaka kuona mwombaji naye ametia mkono. Nimerudi kifua mbele. Andiko safi.

Jumanne, 10 Septemba
Andiko safi limekwama. Neema, afisa miradi wao, amepiga simu.
"Mzee wangu, mmeandika hakuna. Bodi haitoi kwa kikundi kisichochangia. Kweli hakuna?"
Nikasema kuna mtaro tu.
"Mtaro gani tena, mzee?"
Aibu. Kumbe nguvu kazi nayo ni mchango; amenipa hadi Jumatatu nirekebishe fomu.
Kosa hili lina asili yake. Huku mtu akija na jembe kukusaidia, humwandiki. Ukimwandika umemfanya mdai. Nilipangiwa kazi ya ualimu huku Kasulu nikiwa kijana kutoka Singida, na sasa nakosea kama mwenyeji.

Jumatano, 11 Septemba
Nimekwenda na daftari kwa Yustina, mwenyekiti wetu, nipate majina ya waliochimba. Hakunikaribisha hata kiti.
"Mwalimu, sisi vibarua? Andika jina langu uone kama nitashika jembe tena."
Mkwewe, mimba ikiwa kubwa, akacheka mlangoni. "Msamehe, mama. Kazoea kuita mahudhurio."
Daftari tupu. Nina hasira. Hofu zaidi.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimemkuta yule mkwe akienda kliniki na dumu lake. Alikuwa amekaa kando ya njia, anahema. Nimelibeba hadi zahanati, nikapumzika mara mbili, na mimi sina mimba.
Wakati wa kurudi nikaufuata mtaro hadi chemchemini, nikihesabu hatua. Mia sita na kumi na mbili. Kina chake kinafika magotini pangu, na mimi ni mrefu. Mahali penye mwamba waliuzunguka kwa sururu. Nimeufundisha ujima darasani miaka yote, na bado niliandika hakuna.

Jumapili, 15 Septemba
Baada ya ibada nimemsomea Yustina: "Mchango wa jamii: mtaro, hatua 612, umechimbwa kwa mikono." Hakuna jina hata moja. Ameniomba niisome tena.
"Hapo sawa. Mtaro haumdai mtu."
Kesho asubuhi nakwenda Kibondo.

Jumanne, 24 Septemba
Neema amekuja na wajumbe wawili wa bodi. Wameutembea mtaro wote. Mmoja, mzee wa Munanila, ameshuka ndani akasimama, akatazama mbele na nyuma.
"Na hii ndiyo mliita hakuna?"
Kina mama waliouchimba wakatazama chini. Yustina akaomba radhi kwamba kingo hazijanyooka. Nimejivuna leo kuliko siku niliyopewa cheti cha ualimu. Nimejifanya nina vumbi jichoni.

Jumatano, 16 Oktoba
Barua imefika. Tumepata. Mabomba yatakuja mwezi ujao. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Mkwe wa Yustina amejifungua salama jana, mtoto wa kike. Kwa maji ya dumu.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mvua ya jana imerudisha udongo mtaroni. Nimetoka na chepe jua likichomoza, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Yustina alikuwa amekwishafika, na wengine nyuma yake. Tumezoa hadi udongo ukaisha. Walikuja wengi. Sikuhesabu.