Vidole vya Koko Yako

Mujukuu wangu Espoir,

Huku Goma tunaendelea, Mungu asifiwe. Maharagi ya shamba letu la Lac Vert yameiva, na dada yako amepata diplome.

Unaniuliza kama kweli wanaopenda muziki wa metal hawana akili, vile prof wako anasema.

Zamani, kwenye klasi yetu kulikuwa kijana mumoja na kaseti zake za metal. Mimi nilisikia makelele tu. Akaniambia, "Fuata gitare ya bas, ile ya sauti nzito, peke yake. Ukiishika, ndiyo utafute ngoma." Kumbe ndani ya makelele yale kila chombo kilikuwa na njia yake! Mutu anayesikiliza vile, nani atamwita mujinga?

Niliolewa naye. Leo masikio ya huyo koko yako, bwana yangu, yamechoka. Lakini jana, akisoma barua yako, vidole vyake vilianza kupiga meza, na ngoma ile ya kaseti zake niliitambua.

Mimi koko yako,
Anastazia