Ukuta wa Chumba cha Nne

Jumatatu, 3 Februari 1964

Pazia la chumba cha kwanza nimelishona, nimelifumua, nimelishona tena. Leo mara ya tatu. Bwana Amukoya anasema maua ni makubwa mno. Juzi yalikuwa madogo. Maua ni yale yale!

Nitaandika humu yale nisiyoweza kumwambia usoni. Ghorofa ni yake na hampi mtu nafasi ya kusahau. Chini maduka, juu vyumba vinne vya kupangisha maofisa wapya wa mkoa. Kila chumba anataka kiwe na mtindo wake: cha Kizungu, cha Kihindi, cha Kimumias, cha Kiafrika. Ameona mambo hayo kwenye gazeti la picha, basi sote tutajuta. Mimi ndiye wa kushona, kupamba na kupanga. Tumepatana bila karatasi: vyote vinne vikiisha, kile chumba kidogo cha chini chenye dirisha la barabarani ni changu na cherehani yangu.

Miaka mitatu nashonea kwenye baraza ya duka la watu, mkabala na ghorofa hii. Mvua ikija na upepo, kitambaa cha mteja kinalowa na matusi ni yangu. Nakitaka chumba hicho. Nakitaka mpaka nameza maneno.

Alhamisi, 6 Februari

Cha Kizungu kimekwisha. Makochi na kabati vimeletwa kwa lori kutoka Mautuma, kwa mzungu mmoja aliyeuza kila kitu akaenda zake. Kabla ya kuolewa nilipiga pasi kwenye nyumba kama ile. Najua pazia linapaswa kufika wapi, najua vitambaa vya makochi vinakaaje. Bwana Amukoya hajui, lakini ndiye anayenifundisha.

Amekuja na picha ya mbwa aliyebana bata mfu mdomoni. Ati itundikwe juu ya kitanda. Nani analala chini ya bata mfu? Nikaitundika.

Jumatatu, 10 Februari

Cha Kihindi tayari. Pazia la shanga mlangoni, sinia za shaba, vioo vidogo vidogo kwenye mito. Kila nikipita, shanga zinanishika nywele.

Cha Kimumias alikuja kukipamba Bi Zainabu, bibi wa Kiislamu kutoka Mumias, na mikeka yake na busati. Ndiye mtu pekee aliyenisalimu kama mtu wiki nzima. Salamu aleikum binti yangu, umekula? Akatandika, akapanga mito, chumba kikatulia. Akaingia Bwana Amukoya, akataka kanzu itundikwe ukutani. Nguo ya mtu, ukutani! Bi Zainabu akamtazama. Akafunga kifurushi chake taratibu akaenda zake, na kanzu haikutundikwa.

Nilimwonea wivu. Yeye ana mahali pa kurudi.

Jumatano, 12 Februari

Leo nimekasirika mpaka sindano imenichoma mara mbili.

Chumba cha nne. Cha Kiafrika. Ameleta mikuki miwili, ngao, ngozi ya chui iliyoliwa na wadudu, na ngoma. Ngoma nimeipiga. Hailii. Imetengenezwa itazamwe tu. "Hii ndiyo Afrika yenyewe, Robai," akaniambia, mikono kiunoni.

Mimi nimezaliwa Khayega. Nyumbani kwetu hakukuwa na chui. Kulikuwa na ukuta wa Mama, ambao wanawake walitoka mbali kuja kuutazama kila Krismasi akiupaka upya. Nikamwambia hivyo. Sijui nilipata wapi mdomo. Akacheka, halafu akakuna kidevu. Basi mlete huyo mama yako, anasema. Ukiwa mbaya, utaupaka chokaa wewe mwenyewe.

Mikuki nimeitupa nyuma ya ngazi.

Jumatatu, 17 Februari

Mama alifika juzi kwa miguu, kikapu kichwani. Udongo mweupe wa mtoni, mwekundu wa kichuguu, na masizi ya chungu yamefungwa kwenye jani la mgomba. Fundi wa saruji aliyejenga ghorofa akaja kucheka. Ati saruji haishiki udongo, mama, utaokota wote sakafuni. Mama akaokota gunzi. Alisugua ukuta kwa mchanga na magunzi mpaka ukakwaruka, akapaka uji wa kinyesi cha ng'ombe na majivu, akaketi kuungoja ukauke. Leo udongo umeshika. Fundi amekuja, ameugusa, amenyamaza. Shukuru Mungu kwa siku moja ya kimya cha yule mtu.

Sasa anachora. Vidole vinne pamoja, upinde juu ya upinde, kutoka sakafuni hadi dari. Kidole chake cha mwisho kimepinda, kwa hiyo mstari wake unaruka na kuacha pengo. Kila upinde una pengo hilo. Kidole kilivunjwa na ng'ombe wa mahari yangu. Dume jekundu lilivuta kamba Mama akiwa ameishika. Mume wangu Zakayo aliona kwa macho yake, amesimama mbali, yeye na wenzake, kama mkwe anavyotakiwa.

Miaka miwili baadaye akaenda Nairobi kutafuta kazi. Aliipata kazi, akapata na mwanamke. Ng'ombe hawakurudishwa. Mimi sikurudishwa wala sikuitwa. Mpaka leo ni mke wa mtu, kwa maneno tu.

Ijumaa, 21 Februari

Andika, Robai, usilie.

Bwana Amukoya alileta maofisa kutazama vyumba. Cha kwanza, eeh, kizuri. Cha pili, cha tatu, eeh. Cha nne wakasimama mlangoni wakakosa la kusema. Mmoja akavua kofia. Akauliza nani amefanya kazi hii.

"Mtaalamu kutoka Nairobi. Alisomea ng'ambo," Bwana Amukoya akajibu.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale pale, nabana pini kwenye shuka la kitanda, karibu na viatu vyake. Mama alikuwa chini ya ngazi ananawa udongo mikononi.

Nilimfuata baadaye. Akasema watu wa ofisi hawapangi kazi ya bibi wa Khayega, wanapanga kazi ya mtaalamu. Nikitaka chumba cha chini nifunge mdomo. Mshenzi. Naandika tena, mshenzi. Halafu nikafunga mdomo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumapili, 23 Februari

Nyumbani Khayega. Mama aliuliza wageni walisema nini juu ya ukuta. Nikasema walikosa la kusema. Akafurahi, akaimba akisonga obusuma, ugali wa kwetu. Nilikula bila kuinua macho.

Alhamisi, 27 Februari

Chumba cha nne kimepata mtu. Ofisa mpya wa mkoa, anahamia kutoka Nairobi na mkewe. Bwana Amukoya alinisomea jina kwa maringo, kama mtu anayesoma Injili. Jina ni la Zakayo. Zakayo wangu!

Nilidondosha mkasi. Si kwa mapenzi. Hayo yalikufa. Ni huo ukuta.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Akimwona njiani anaingia kichakani. Na Zakayo alale kitandani na mwanamke, amezungukwa na mkono wa mama mkwe wake pande zote? Ng'ombe bado wako kwetu, kwa hiyo Mama bado ni mama mkwe. Ikijulikana, na lazima itajulikana, hawatamcheka Zakayo. Watamcheka Mama. Watasema bibi mzima amempambia mkwe wake chumba cha kulala. Hatapita tena sokoni.

Nikamweleza Bwana Amukoya palepale. Yeye ni mtu wa huku, analijua hilo kama mimi. Unajua alijibu nini? "Hajui ni wa nani. Asipojua, si kosa." Akatoa ufunguo wa chumba cha chini, akauzungusha kidoleni. Jumamosi jioni utakuwa wako, akasema, kama hakuna maneno.

Niliutazama ule ufunguo. Mungu anisamehe, niliutazama muda mrefu.

Jumamosi, 29 Februari

Walifika saa nane mchana. Mimi barazani, mguu kwenye cherehani. Zakayo amenenepa. Suti ya kijivu, kofia. Mwanamke ana viatu vyekundu, na alishuka garini akicheka. Zakayo aliniona. Akageuka kusoma bango la duka la sabuni. Miaka mitatu, na anasoma bango la sabuni!

Masanduku yakapanda. Wapangaji wengine wakapanda, wenye maduka nao, kwa sababu Bwana Amukoya alikuwa ameandaa chai ya kuwakaribisha. Nikashona. Nikashona pindo lote bila uzi kwenye sindano. Nilipogundua hilo nikasimama.

Nilipanda ngazi na futi yangu shingoni. Kofia ilikuwa imeshatundikwa kwenye msumari. Zakayo alikuwa anamwonyesha mwanamke ukuta, kikombe mkononi, anamweleza habari za mtaalamu wa ng'ambo. Nikasema, mbele ya wote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Ukuta huo umepakwa na Mama. Mama yangu, Khasandi wa Khayega. Mkwe wako."

Mwanamke wa viatu vyekundu akacheka, hakuelewa. Bwana Amukoya akaja juu. Mwongo huyu, ana wivu, mtoeni. Fundi wa saruji alikuwepo, alikuja kwa ajili ya chai. Akatazama kikombe chake. Sikumhitaji. Nilikwenda ukutani nikaweka kidole kwenye pengo. Nikaweka kwenye pengo la pili. La tatu. Nikamuuliza Zakayo anakumbuka dume jekundu.

Alikumbuka. Niliona anakumbuka. Alisogeza uso karibu na ukuta, akatazama ule mstari unaoruka, halafu akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Kikombe kilivunjika. Alishuka ngazi mbili mbili, kofia akaiacha, mwanamke akaita jina lake mpaka barabarani. Wenye maduka waliinamisha vichwa. Wale wa huku hawakucheka hata mmoja.

Sisemi uongo humu. Nilifanya kwa ajili ya Mama. Lakini nilitaka pia kumwona akikimbia, na nimemwona, na nimeshiba.

Bwana Amukoya aliurudisha ufunguo mfukoni mbele yangu. Toka kwangu, akasema, na usirudi. Nikamwambia bata wake mfu amwangukie.

Jumatano, 4 Machi

Chumba cha chini amepewa mshona viatu. Nasikia nyundo yake kutoka barazani, kutwa nzima. Kila pigo nalisikia kwenye meno. Mvua imeanza. Nimelowesha gauni la mwalimu na nimetukanwa.

Chumba cha nne amekichukua mtu wa Pwani, ambaye hana mkwe Khayega. Alipouliza ukuta ni wa nani, Bwana Amukoya alifungua mdomo, lakini mji mzima ulikuwa umeshamjibu. Zakayo amepanga upande wa pili wa mji. Mara mbili ametuma mtu aje achukue kofia. Mtu wa Pwani anasema kila mtu ajichukulie vyake mwenyewe. Bado iko msumarini.

Jumapili, 8 Machi

Khayega. Mvua imepumzika.

Zakayo alikuja asubuhi na mjomba wake na kondoo, kama desturi inavyotaka aibu iondolewe. Kichwa wazi. Alisimama nje ya ua, akageukia barabara. Mama alibaki ndani. Alituma neno kwa mdomo wangu: wamfunge kondoo kwenye nguzo, waende salama. Nikalifikisha. Mjomba akasema jambo la ng'ombe litazungumzwa, wakae wazee, kila mtu awe huru. Nikasema sawa. Zakayo hakugeuka. Mgongo wa koti lake umefumuka kidogo kwenye mshono. Sikumwambia.

Walipoondoka nilimweleza Mama yote. Habari ya mtaalamu wa ng'ambo pia. Na kwamba nilisikia, nikanyamaza siku nane kwa sababu ya chumba.

Alikuwa anakanda udongo kwa ajili ya ukuta wa jikoni, ambao mvua imeumega. Hakuacha kukanda. Akauliza kitu kimoja tu, kama Zakayo alipoambiwa ni mkono wa nani aliitazama alama ya kidole kilichopinda. Nikasema aliitazama.

Akatikisa kichwa kukubali. Akanikatia donge la udongo, akanionyesha kona ya nyuma ya mlango, ambayo wageni hawaioni. Nikaweka vidole vinne. Mistari yangu ilitoka imepinda yote. Mama akasema nitazoea, tukaendelea mpaka kondoo akaanza kulia kwa njaa, nikatoka kumkatia majani.