Ndege wa Finland Aliyeokotwa Ruaha Mbuyuni

KIKUNDI CHA UMWAGILIAJI MFEREJI WA JUU
Ofisi ya kikundi, Ruaha Mbuyuni, 14/12/2024

Waliohudhuria: Mzee Yotamu Kalinga (Mwenyekiti), Philbert Kiwele (Katibu), Lusia Kikoti, Anord Nyato na wanachama wengine kumi na tisa. Mgeni: Dkt. Mercy, mtafiti wa ndege kutoka Iringa.
Asiyehudhuria: Shedrack, yuko sokoni Mwanjelwa na mzigo wa nyanya. Udhuru ulikubaliwa kwa wivu kidogo.

KUMB. NA. 1/12/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao. Katibu aliwakumbusha wajumbe kwamba bonde hili halijapata mtu wa bahati kama yeye: chekeamwezi mwenye pete ya Finland mguuni, ndege aliyevuka bahari na majangwa, aliyaruka mashamba ya watu wote akaja kushukia kwa Katibu. Picha yao wawili imefika Ulaya. Wajumbe walipiga makofi. Mwenyekiti alipiga moja.

KUMB. NA. 2/12/2024: TAARIFA YA MTAALAMU
Dkt. Mercy alieleza kwamba chekeamwezi hukimbia baridi ya kwao na huku hula vijidudu vya kwenye tope. Huyu alifikishwa kwake Iringa amelegea, akafa. Ini lake lilikutwa na dawa nyingi ya wadudu.

Mwenyekiti alisema sumu hiyo ndege alikuja nayo, sisi tusisingiziwe. Dkt. Mercy alijibu kwamba inawezekana, ndiyo maana leo anachukua tope la pale alipookotwa, likapimwe.

Anord alisema ndege kuizunguka dunia yote halafu akachagua kula kwetu ni heshima ambayo hata Dodoma hawana, na sisi hatulishi mgeni sumu. Wajumbe waliunga mkono kwa kugonga meza mpaka chai ikamwagika.

KUMB. NA. 3/12/2024: MAAZIMIO
(a) Kuanzia leo ni marufuku kuosha bomba la kupulizia dawa au kutupa chupa zake mferejini. Lilipita bila mpinzani.
(b) Mwenyekiti alipendekeza shamba alipookotwa ndege lisivunwe mpaka majibu yatoke, "hata kama ni la kiongozi", akimtazama Katibu. Lilipita. Mwenyekiti alinyoosha mikono yote miwili.

KUMB. NA. 4/12/2024: MENGINEYO
Bi. Lusia aliuliza: "Kaka Philbert, shamba lako liko kilimani, changarawe tupu. Ndege wa tope alifuata nini kwako, upepo?" Katibu alijibu kwamba ndege naye ana macho, anachagua watu. Wajumbe walicheka.

Dkt. Mercy hakucheka. Alisema akichukua udongo wa mahali ambapo ndege hakuokotwa, majibu yatatoka safi, na wale ndege walioko bondeni sasa hivi wataendelea kula na kufa huku sisi tunajisifu.

Katibu alikunywa maji. Akaomba Mwenyekiti asaini maazimio kwanza, halafu yeye ana neno.

Kikao kilifungwa saa 6:30 mchana, wote wakisubiri kwenda shambani na mgeni.

Mwenyekiti: Y. Kalinga (amesaini)
Katibu: P. Kiwele (amesaini)

Neno la Katibu, lililosomwa mbele ya wote: Ndege hakushukia kwangu. Nilimwokota kwenye majaruba ya mpunga ya Mwenyekiti, pale anapooshea bomba, nikapanda naye kilimani kupiga picha. Ile bahati nilijipa mwenyewe.