Mume Wangu Anasema Anasoma Kwaya, Nguo Zake Zinanuka Sufu

Dada Gulsun mpendwa, naomba msaada wako, na kama inawezekana jibu litoke katika gazeti la Jumatano hii, maana ikifika Ijumaa nitakuwa nimechelewa.

Kwanza ujue kwamba niliolewa vuli iliyopita na mimi ni mwanamke mwenye furaha, usinijibu kama unavyowajibu wale waliochoka na ndoa zao, mume wangu Baiastan ndiye mwanamume pekee niliyewahi kumwona akichuma aprikoti ya kwanza mtini akampa mtu mwingine kabla hajaonja yeye, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi, na tangu siku ile moyo wangu haujarudi kwetu At-Bashy, umebaki hapa Bishkek ndani ya mfuko wa koti lake. Asubuhi nammiminia chai nusu kikombe kama inavyompasa mke mpya, ili aombe tena na tena, na kila anaponirudishia kikombe nipate sababu ya kumtazama.

Mimi niliishia sekondari, yeye yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea mabwawa na umeme wa maji. Hesabu zote ngumu amezimaliza. Lakini chuo chao kinataka elimu pana, yaani mhandisi hapewi shahada mpaka asome pia somo moja la sanaa, na Baiastan alilikimbia somo hilo mwaka baada ya mwaka kama mtoto anavyokimbia kuoga, mpaka likabaki peke yake linamsubiri mlangoni. Asipolifaulu muhula huu hahitimu, na kazi aliyoahidiwa kwenye bwawa jipya itachukuliwa na mwingine, pamoja na nyumba ya kazini ambayo mimi nimeshaitundikia mapazia kichwani mwangu.

Alipotakiwa kuchagua somo alituuliza mezani, mimi na mama yake, ambaye ni mjane na tunaishi naye: "Kuna uchoraji, kuna kwaya, kuna maigizo, na kuna kushona shirdak. Nichukue lipi?"

Dada, nilicheka mpaka chai ikamwagika. Kwetu shirdak ni kazi ya akina mama, sufu ya kondoo inaloweshwa maji ya moto na sabuni, inashindiliwa mpaka inakuwa nene kama mkate, ndipo inakatwa nakshi na kushonwa kwa shazia iwe zulia au mto wa kukalia. Nikamwambia, "Wewe na shazia? Ngoja nikuazime na kitambaa changu cha kichwa." Mama akacheka, naye akacheka, akasema, "Basi, nitaimba." Tukala.

Tangu hapo nimeishi na kwaya nisiyoisikia. Namwambia, "Niimbie basi mlichofundishwa leo." Ananijibu, "Mwalimu amekataza tusiimbe nje ya darasa, koo litaharibika." "Hata mstari mmoja?" "Hata nusu." Lakini siku za somo lake anarudi vidole vimekunjamana kama vya dobi, na sweta lake linanuka sufu iliyolowa na sabuni ya mche, na mimi nimezaliwa ndani ya harufu hiyo, hakuna wa kunidanganya nayo. Siku moja kidole gumba kilikuwa kimetoboka. Nikamuuliza kimefanya nini, akasema kimeumizwa na kinanda. Sijawahi kuona kinanda chenye miiba.

Na mama yake, ambaye nampenda kama mama yangu, simwelewi siku hizi. Nikiingia na buli la chai wao wawili wananyamaza. Ananituma sokoni kununua vitu tulivyo navyo. "Mwanangu, nenda kalete vitunguu." "Mama, vimejaa kapu." "Hivi vina huzuni, lete vingine." Mimi bado namtumikia, kila asubuhi namtungia uzi mnene kwenye shazia zake kwa sababu anasema macho yamezeeka na ana magodoro ya kushona kabla ya baridi, ingawa magodoro yenyewe sijayaona. Nimefika mahali pa kuamini kwamba anajua siri ya mwanawe na anamfichia, mama ni mama.

Kisha akaja msichana. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba nikasikia sauti langoni, ni Meerim, anasoma naye. Akasema polepole, "Umemaliza upande wako? Wangu uko tayari. Ukichelewa wewe, na mimi nimekwisha." Baiastan akamjibu, "Punguza sauti, mke wangu yuko nyuma."

Dada Gulsun, mwimbaji wa kwaya ana upande gani wa kumaliza?

Nikapekua. Kwenye buti la gari lake, chini ya gurudumu la akiba, nikakuta mto wa shirdak, mwekundu wenye pembe nyeusi za kondoo dume. Wewe ni Mkirgizi kama mimi, huhitaji kuelezwa, lakini nitasema ili ujue jinsi nilivyokatika maini. Shirdak haizaliwi peke yake. Tabaka mbili za rangi mbili hulazwa pamoja zikakatwa kwa kisu kimoja, nakshi ya hii ikaingia kwenye tundu la ile, zikatoka pacha, nyekundu yenye pembe nyeusi na nyeusi yenye pembe nyekundu. Na kwetu pacha haipewi mtu hivi hivi. Mama hukata na binti yake anayeolewa, moja inabaki na mama, moja inaondoka na bibi harusi. Yangu imetundikwa ukutani juu ya kitanda chetu. Kwa hiyo nilipoushika ule mto mwekundu sikuuona huo, niliuona ule mweusi, na nikamwona aliyeukalia.

Nikautazama mshono. Upande mmoja unayumba kama mlevi anayetoka harusini, upande wa pili umenyooka, umekazwa vizuri, ni mkono wa mwanamke anayejua, nikasema moyoni ndiye huyo Meerim, wamekaa goti kwa goti wakashona mto mmoja. Kilichoniua ni kona moja. Pembe yake imegeuka chini badala ya juu. Pembe ya namna hiyo iko kwenye pacha moja tu duniani, shirdak yangu ya ukutani na ya mama yangu At-Bashy, kwa sababu siku anaikata nilikuwa nimemshika mkono, sote tunalia, kisu kikateleza, tukaiacha hivyo kwa ukumbusho. Sasa kosa letu lile limo kwenye mto wa watu wengine. Maana yake mwanamke huyo ameingizwa chumbani kwangu nilipotumwa kufuata vitunguu, ameangalia ukuta wangu, na ameiba hata machozi ya mama yangu.

Nikauchukua mto nikauficha katikati ya magodoro niliyokuja nayo harusini. Sasa nyumba haina amani. Baiastan anainua kila kitu. "Umepoteza nini?" namuuliza. "Kitabu cha nyimbo." Mama naye anatafuta, anasema ni miwani, na miwani iko usoni mwake. Jana nimemsikia akimwambia mama kwamba Ijumaa ni maonyesho ya somo, asipopeleka kazi yake hapati alama, na bila alama hiyo shahada hakuna.

Ndiyo maana nakuuliza, nimrudishie mto ili ahitimu kisha aniache? Niuchome? Au nifunge mizigo nirudi At-Bashy kabla majirani hawajajua? Nampenda mpaka namwonea huruma anapochungulia chini ya kochi. Bado nammiminia nusu kikombe, lakini siku hizi anainuka bila kuomba kingine.

Ni mimi, bibi harusi wa mtaa wa Ak-Orgo, Bishkek.

*

Bibi harusi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika kwa ajili yako. Mara ya pili nilikukasirikia wewe.

Nianze na haki yako. Umedanganywa, na mtu akidanganywa ndani ya nyumba yake ana ruhusa ya kushuku. Kwaya hakuna na haikuwahi kuwapo. Mume anayesema kinanda kimemtoboa kidole anastahili kuulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, kazi hii imenifundisha, na sikuambii uache. Nakwambia ushuku vizuri. Wewe umefungua buti, hukufungua mdomo.

Tumshughulikie msichana kwanza. Huko kwenu pacha hukaa kwa mama na binti. Darasani pacha humwendea aliyeketi kiti cha jirani. Wanafunzi wawili wamepewa vipande viwili vya sufu na kisu kimoja, wamekata pamoja, kila mmoja ameondoka na wake akashone, na mwalimu ataipokea mito yote miwili pamoja au hatapokea hata mmoja. Ndiyo maana alikuja langoni kwako na hofu. Mto mweusi uko kwa Meerim, naam, na nina hakika hajaukalia, anauogopa kama mtihani.

Sasa niambie, msichana aliye na mto wake nyumbani kwake, upande ulionyooka wa mto wa mumeo ameushona saa ngapi? Uzi kwenye shazia humo ndani anautunga nani kila asubuhi? Wewe. Kwa ajili ya nani? Magodoro yako wapi? Na ni mwanamke gani anayetafuta miwani iliyo usoni mwake siku ile ile mto unapopotea? Kikulacho ki nguoni mwako, bibi harusi. Mwanamke mwingine yupo kweli. Unammiminia chai.

Mama mkwe wako anamfanyia mwanawe kazi ya chuo. Anayelaghaiwa hapo ni mwalimu, na kidogo ni mumeo mwenyewe, maana chuo hakikumtaka alete mto mzuri. Mito mizuri iko tele sokoni. Kilitaka mtu wa mabwawa akae chini na kitu asichokiweza, akishike mpaka kimfundishe. Upande ule unaoyumba kama mlevi ndio shahada yake. Upande ulionyooka ni wizi, hata kama mwizi ni bibi mwenye nia njema.

Na usijifanye hujui kwa nini alificha. Aliuliza mezani, ukamwahidi kitambaa cha kichwa, mama naye akacheka. Mwanamume mwenye mke aliyezaliwa ndani ya sufu, mwalimu yuko kitandani kwake, akaenda kutobolewa vidole kwa siri kwa kuogopa kicheko chako. Hapo nilikukasirikia.

Imebaki ile pembe. Unasema kosa hilo liko kwenye pacha moja tu duniani, kisha unaamini kwamba mgeni ameingia chumbani mwako kulinakili, huku mama mkwe ameketi sebuleni. Aliyelala chini ya shirdak hiyo kila siku ni mmoja tu ukiacha wewe. Alitakiwa kuchagua nakshi katika nakshi zote za nchi hii, akasimama juu ya kitanda chake na karatasi akafuatisha ya kwako, pembe kwa pembe, na ile iliyoteleza akaifuatisha pia, kwa sababu hajui kwamba ni kosa. Hukumweleza kisa chake, sivyo? Mambo matamu unayamaliza kwenye barua za magazeti.

Mimi naweza kukosea. Ndiyo maana hutaamini mimi, utathibitisha mwenyewe. Leo jioni, wakiwa wote wawili mezani, utatoa mto uuweke kati ya mkate na siagi. Usiulize habari za msichana. Uliza neno moja: "Upande huu ulionyooka kashona nani?" Kisha angalia kikombe cha nani kinashuka. Kikishuka cha mama, umepona. Kisiposhuka chochote, niandikie tena na nitakuwa nawe mpaka mwisho.

Mama akikiri, fumua upande ulionyooka wote, mbele ya mumeo. Atashona upya yeye mwenyewe kabla ya Ijumaa, na wewe utatunga uzi tu. Usishone hata pito moja la shazia, hata mkono ukikuwasha, na mama apewe vitunguu vyake vyenye huzuni amenye. Mwombe mumeo radhi kwa kicheko, naye akuombe radhi kwa kinanda. Ile pembe iliyogeuka msiiguse.

Ijumaa utafuatana naye. Simama mbele ya mito miwili, umsalimie Meerim kwa heshima, na akikuuliza kwa nini pembe moja inatazama chini, mweleze habari za mama yako, mumeo naye asikie.

Na kesho asubuhi mmiminie nusu kikombe kama kawaida. Akiomba kingine, mwambie atapata akishaimba.