Kelele Zimefungiwa Ndani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekuita mara tatu, mkwe. Mara tatu, na mimi si redio ya kuachwa iongee peke yake. Umekaa mlangoni na ungo wa mchele, umenipa bega la kulia, hata kope haikucheza. Mama mkwe akiita, mtu hujibu akiwa ameshasimama. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Nayaandika hapa kwa sababu pale nilinyamaza. Kwa hasira, si kwa upole.

Kila siku mke huyu wa mwanangu hushinda karakanani kwa mumewe akipiga rangi milango ya chuma. Huenda ile bunduki ya rangi imempandisha kichwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Barua imekuja. Mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya ukuta wa karakana analalamika tena. Kompresa, ile mashine ya upepo unaosukuma rangi, inanguruma mpaka darasani wanafundishana kwa ishara. Mkaguzi atakuja Jumatano ya wiki ijayo na kipimo cha kelele. Zikizidi, karakana inafungwa.

Mwanangu kasema, Mama, hilo dogo, nitaijengea mashine nyumba yake. Huyu huyu aliyejenga choo kikalala ubavu. Watu wanamwita Injinia, naye anaitika.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sanduku limesimama. Plaiwudi, kuta mbili, katikati sponji. Limefunika chumba chote cha kupigia rangi, na mashine wameitia humo humo.

Sponji ni godoro langu la zamani. Nimelitoa mwenyewe, na wala sikubembelezwa. Tena nimewaonyesha jinsi ya kulishindilia kwenye pembe, maana fundi seremala alikuwa analibandika kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Mlango una mpira pande zote. Ukiufunga, kimya.

Nilijisikia vizuri. Niandike na hilo, nisijidanganye.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimepeleka chakula cha mchana. Injinia kanisimamisha uani.

"Sikiliza, Mama."

Nikasikiliza. Kuku wa jirani, basi.

"Mmezima mashine?"

"Inafanya kazi, Mama. Na mke wangu yumo anapiga rangi." Kavimba kama unga uliotiwa hamira.

Nikafungua mlango. Meno yangu yalicheza kinywani, na yamebaki machache. Kelele zote zilizokuwa zinakwenda shuleni zimekosa njia. Zinagonga ukuta, zinarudi, zinagonga tena. Katikati yake mkwe wangu, pamba masikioni, anapiga rangi lango la mtu. Hakujua nimeingia mpaka nilipomshika bega.

Kuna vifunika masikio, vile vikubwa kama vikombe viwili. Nilivikuta wapi? Shingoni kwa Injinia. Uani. Kwenye ukimya!

Nikamwuliza, mashine inafanya nini chumba kimoja na mtu?

"Mama, mkaguzi anapimia kwenye ukuta wa shule. Ndani hapimi."

"Na mkeo?"

"Ameshazoea."

Ameshazoea. Na mwana huyu nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo hakuna kazi. Mkwe alikuwa anaosha vyombo. Nikasimama nyuma ya bega lake la kulia nikasema, sauti ya kawaida tu: nyumba inaungua. Hakugeuka. Nikahamia kushoto, sauti ile ile, maneno yale yale. Aliruka na sufuria mkononi, maji yote miguuni kwangu.

Ndipo akaniambia. Sikio la kulia limezimika miezi mitatu sasa. La kushoto linapiga filimbi, na wiki hii, tangu sanduku, filimbi haikatiki.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesema natafuta kisingizio cha kukwepa kazi, Mama."

Ningesema. Najijua.

Jumatatu alinipa bega la kulia.

Sijamwomba radhi. Nimemchambulia mchele.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekwenda karakanani bila chakula, wajue sikuja kwa wema. Nikamwambia Injinia: itoe mashine humo. Ijengee kibanda chake kule nyuma, mbali na shule, iachie matundu ya kupumulia, uvute paipu ndefu mpaka kwa mkeo. Godoro likae na mashine. Godoro langu sikulitoa limzike mtu masikio akiwa hai.

Fundi seremala kacheka chini chini. Akasema, bibi, mimi nililiona hilo tangu siku ya kwanza, ila niliitwa kupigilia misumari, sikuitwa kufikiri. Mwingine huyo. Nikamwuliza kazi hiyo ni ya siku ngapi. Moja, kasema.

Injinia kagoma. Eti baada ya mkaguzi. Eti tukibomoa leo, kesho kelele zitasikika na tutafungiwa sote. "Mambo ya mashine niachie mimi, Mama."

Hata mkwe ananivuta nguo: "Mama, acha tu, yatapita."

Nikamwinamia sikio la kushoto. Binti, masikio yakishapita hayarudi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mkaguzi kafika saa nne. Kijana nadhifu, viatu havijawahi kukanyaga rangi. Kapima ukutani kwa shule, katikisa kichwa kwa kuridhika. Injinia kaagiza soda. Kalamu ya mkaguzi ikatoka mfukoni, atie sahihi.

Nikamwambia, baba, hujaingia ndani.

"Ndani kuna nini, bibi?"

"Kuna mkwe wangu."

Injinia kacheka kicheko cha mbavu kavu. "Msamehe, mzee wetu siku hizi anachanganya mambo."

Mimi. Nachanganya.

Nimekwenda, nimeufungua mlango, nimemtoa mkwe kwa mkono. Mashine nimeiacha inanguruma. Sasa nimekaa kwenye kizingiti cha sanduku, daftari pajani, mlango wazi nyuma yangu. Atakayetaka kuufunga aanze kwa kunibeba. Mwalimu mkuu amechungulia juu ya ukuta. Mkaguzi ameinua kipimo chake, anakitazama, anakigonga kwa kidole, anakitazama tena. Kalamu bado iko hewani. Injinia anafoka na mikono inapaa, simsikii hata neno. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona ya mashine hii.

Mkwe nimemkalisha kulia kwangu, sikio lake la kushoto lielekee kwangu. Nimemvalisha vile vikombe viwili. Nimevivua shingoni kwa mwanangu, mbele ya mgeni.

Injinia akimaliza kufoka nitamwambia, na hapa naandika nisisahau hata moja. Zima mashine. Mpe seremala nyundo, aanze na ukuta wa nyuma. Kompresa itoke leo, jua likiwa bado juu. Na huyu niliyekaa naye hakanyagi humo ndani mpaka niingie mimi kwanza nisikilize.