Salamu kwenye Kaburi la Bibi

Jumapili, 15 Juni 2025

Nimefika Nyololo. Ukungu mpaka mlangoni, baridi haina adabu. Baba amekwisha! Mtu aliyekuwa akipasua kuni peke yake, leo namgeuza kitandani kama mtoto. Ini. Hospitali walisema mrudisheni tu nyumbani.

Nilitoka Mbeya nikijua nakuja kuuguza. Kumbe kuna lingine. Shangazi Esnath, dada yake, kanivutia jikoni: baba yako ametengwa na kanisa. Tangu Pasaka! Na hakuna aliyenipigia simu.

Kisa chenyewe — unga. Alfajiri ya Pasaka, kwenye ibada ya makaburini, baba aliweka kiganja cha unga juu ya kaburi la bibi, akasema “Kamwene”, kama tunavyosalimiana huku kila asubuhi. Mzee Aroni, mzee wa kanisa, akamwona. Ametambika, wakasema. Baba akawaambia nimemsalimia mama yangu. Basi.

Asipotubu akarudishwa kundini, hatazikwa na kanisa. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya, kengele haitapigwa. Tutamfukia wenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Nimembembeleza asubuhi nzima. Baba, sema tu, neno moja. Akaniuliza: nitubu nini, kwamba nilikuwa na mama? Mbishi huyu! Ndiye aliyekuwa akinichapa nikikosea Amri Kumi, leo ananiambia yeye na Mungu wanaelewana. Nimetoka nje nikalia mpaka kichwa kikauma.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda kwa Mchungaji Masumbuko. Kijana, mpole. Bora angekuwa mkali, ningemchukia nikapumzika. Anasema kila mtu akijiamulia lipi tambiko na lipi salamu, kanisa litabaki na nini? Nikamuuliza: na wewe mwenyewe unaonaje? Akagusa kola yake shingoni. Halafu: mimi binafsi sina tatizo na baba yako, lakini kola hii sikuivaa kwa ajili ya mimi binafsi.

Nimerudi kwa miguu, matope mpaka magotini. Mimi ni mtu wa kuuliza wachungaji. Kuolewa na Mmoravian wa Tukuyu, niliuliza. Mtoto wangu Ipyana abatizwe wapi, niliuliza. Nikaambiwa, nikafanya, nikalala usingizi. Leo nimepiga magoti nisali, sijui nasali upande gani. Nikimwombea atubu, namwombea aseme uongo? Au mimi ndiye nimeshapotea? Ee Mungu, mbona kimya!

Alhamisi, 19 Juni

Baba hasemi tena. Uji unarudi wote. Macho yanaona, lakini.

Ijumaa, 20 Juni

Wamekuja. Mchungaji na mkoba wake wa Meza ya Bwana, na Mzee Aroni wa kushuhudia. Aroni analia! Wamekua pamoja na baba, wamechunga pamoja. Kaniambia chonde, mwanangu, hata mimi sitaki azikwe hivi hivi.

Mchungaji ameona njia. Kwa kuwa baba hasemi, abane mkono wa binti yake. Akibana, ametubu, anarudi kundini hapo hapo.

Nikaingiza mkono chini ya blanketi. Akaushika. Alikuwa ameushika vizuri kabisa, nikafurahi, nikajua yameisha. Mchungaji akainama sikioni, akauliza taratibu: Gerson, unatubu dhambi ya kutambika?

Akauachia.

Hakulegea. Kulegea nakujua, nimemshika wiki nzima. Aliuachia, kisha akanitazama.

Blanketi limefunika, hakuna aliyeona. Wakaniuliza: amebana? Nikasema — jamani, nikasema ngoja nilete chai!

Sasa niko jikoni. Maji yamechemka mpaka yanakauka. Nikisema ndiyo, ataimbiwa, atapigiwa kengele, na nitakuwa nimemfunga mdomo baba yangu angali hai. Nikisema hapana, namzika kama mbwa mtu aliyenifundisha Baba Yetu. Na kama Aroni ndiye mwenye haki je? Kama ule unga kweli una neno? Nitamuuliza nani? Wa kuuliza wako chumbani, wananiuliza mimi.

Shangazi amechungulia mlangoni. Anasema acha chai, Eve. Mchungaji ameshamimina divai, anangoja neno lako tu.